Kuponi, probu au ultrasauti: ulinganisho wa njia za kufuatilia kutu katika maji ya kupozea kinu cha nyuklia

Kabla hujachagua kifaa cha kufuatilia kutu, chota maji yako na upime yanapitisha umeme kiasi gani. Namba hiyo moja itaondoa nusu ya vifaa vilivyo mezani. Kituo kimoja cha nyuklia kina maji ya aina nne au tano, na hayafanani hata kidogo. Maji ya mnara wa kupozea hupitisha umeme kwa mamia hadi maelfu ya mikrosimens kwa sentimita (µS/cm). Mzunguko uliofungwa wenye dawa ya nitriti hufika elfu kadhaa. Mzunguko wa pili wa kinu cha maji yenye shinikizo (yale yanayogeuka mvuke wa kuendesha tabo), uliotiwa amonia hadi pH 9.5, huwa na takriban 9. Maji ya kinu kinachochemsha hukaa karibu na 0.1, na maji safi kabisa kwa nyuzi 25 ni 0.055, chini ya hapo hakushukiki. Probu, yaani kipimio kinachotumbukizwa majini, inayotoa majibu mazuri kwenye mnara ni kipofu kwenye maji hayo ya mwisho, hata kama bei yake ni kubwa namna gani.

Swali la pili ni aina ya kutu unayoihofia. Kuna kulika sawasawa, kuna vishimo, kuna nyufa zinazoletwa na kutu ikisaidiana na mkazo, na kuna chuma cha kaboni kinachokonda kwa sababu maji yanayopita kasi yanayeyusha utando wake wa oksidi. Swali la tatu ni haraka: unataka kujua ndani ya saa moja, ndani ya wiki, au inatosha kujua kinu kikizimwa kuongezewa fueli? Hakuna kifaa kinachojibu yote matatu. Muuzaji akikuambia kipo, muulize maji aliyokijaribia yalikuwa na mikrosimens ngapi.

Kuponi: nafuu, za kweli, ila zinasimulia ya jana

Kuponi ni kipande cha metali ileile ya bomba lako, kinachopimwa uzito, kikawekwa ndani ya maji kwa siku zinazojulikana, kikatolewa na kupimwa tena. Kipimo cha kawaida ni milimita 76 kwa 13 kwa 1.6, yaani uso wa takriban sentimita za mraba 22.6. Mahali pake hasa ni maji ya huduma, mizunguko iliyofungwa, na mabwawa ya vinu vya utafiti.

Raki yake hujengwa pembeni ya bomba kuu, ikiwa na vali kila upande na mita ya mtiririko. Kasi inayofaa ni mita 0.9 hadi 1.5 kwa sekunde. Kwa bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, mita 1 kwa sekunde ni kama lita 30 kwa dakika. Watu wengi huharibu kazi hapa: wanafungua vali kidogo ili kuokoa maji, mtiririko unashuka hadi lita 8, tope linatua juu ya kuponi, na mwisho wanapima kutu ya chini ya tope ambayo bomba kuu halina. Kinyume chake pia hutokea. Bomba kuu lina pembe zilizotulia, raki inakimbiza maji vizuri, na ripoti inatoka safi huku pembe zile zinatoboka.

Kuponi isigusane na metali ya raki. Ishikiliwe na kijiti cha plastiki na skrubu ya nailoni, uso wake uelekee sambamba na mtiririko. Ukiwa na kuponi za chuma na za shaba kwenye raki moja, chuma kitangulie na shaba ifuate nyuma. Ukigeuza mpangilio huo, ayoni za shaba zitasafiri na maji, zitatua juu ya chuma, na kila tone la shaba litageuka betri ndogo inayotoboa kishimo. Utaandika kwamba maji ni makali kumbe mkali ni mpangilio wako.

Usiishike kwa vidole vitupu. Chumvi ya jasho huacha alama ambayo baada ya siku 30 itaonekana kama kutu yenye umbo la kidole gumba.

Ukiitoa, ipige picha kabla ya kuikausha na kabla ya kuifuta, kwa sababu rangi na mpangilio wa mashapo vinaeleza mengi kuliko uzito. Vivimbe vya rangi ya machungwa vilivyo laini, vyeusi ndani, na vinavyonuka yai viza vikitiwa asidi, huashiria bakteria wanaogeuza salfeti kuwa salfidi. Kisha safisha. Kwa chuma cha kaboni, mchanganyiko uliozoeleka ni lita 1 ya asidi hidrokloriki kali, gramu 20 za trioksidi ya antimoni na gramu 50 za kloridi ya bati, kwenye joto la chumba, ukikoroga, kwa dakika 1 hadi 25 kulingana na ukaidi wa kutu. Antimoni ni sumu, hivyo kazi ifanyike chini ya kabati la kuvutia hewa na mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Safisha pamoja na kuponi mpya ambayo haijawahi kuingia majini. Uzito itakaoupoteza ndio asidi imeula katika metali nzima, nao utautoa kwenye hesabu. Mizani iwe ya kusoma 0.1 mg.

Hesabu yenyewe ni rahisi: milimita kwa mwaka ni 87.6 mara uzito uliopotea kwa miligramu, gawa kwa msongamano (gramu kwa sentimita ya ujazo), kwa eneo (sentimita za mraba) na kwa saa. Kuponi ya chuma iliyopoteza miligramu 120 kwa siku 60: 87.6 × 120 ÷ (7.86 × 22.6 × 1,440) = 0.041 mm kwa mwaka. Kwa maji ya huduma, si haba.

Ila namba hiyo ni wastani, na wastani huficha. Kama kwenye kuponi hiyohiyo kuna kishimo kimoja cha kina cha 0.3 mm, kasi ya kishimo hicho ni 1.8 mm kwa mwaka, zaidi ya mara 40 ya ile uliyoiandika. Bomba hutobolewa na kishimo kile, wala wastani haulitoboi. Kwa hiyo pima kina cha vishimo kwa hadubini, na uandike namba zote mbili. Jambo jingine: usilinganishe kuponi ya siku 30 na ya siku 90. Wiki za mwanzo metali huwa uchi, utando wake bado haujajengeka, na kasi huwa juu. Linganisha 90 na 90.

Kwenye mzunguko wa kwanza, yaani maji yanayopita kwenye kiini cha kinu, kuponi hazina nafasi ya maana. Shinikizo ni takriban MPa 15.5, joto linapita nyuzi 290, na kitakachotoka humo kitakuwa na mionzi, kwa hiyo mtu atakula dozi ili kupata namba ya miezi iliyopita. Huko kuponi hubaki kazi ya majaribio maalumu.

Bwawa la kinu cha utafiti ni hadithi nyingine. Humo fueli imevikwa alumini, maji yametulia, na adui ni vishimo. Raki za alumini huning'inizwa karibu na fueli zikiwa na diski za aina tatu: diski peke yake, diski mbili za alumini zilizobanana ili kutengeneza mwanya, na alumini iliyobanana na chuma kisichoshika kutu. Weka baadhi zikiwa zimelala na baadhi zikiwa zimesimama. Programu ya utafiti iliyoratibiwa na IAEA, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kuanzia miaka ya 1990 ilionyesha kwamba diski zilizolala hupata vishimo zaidi, kwa kuwa vumbi la bwawa hutua juu yake. Ukisimamisha zote utapata ripoti nzuri ya bwawa ambalo halipo. Na usitenganishe diski kwa washa za PTFE (tefloni) karibu na kiini: mionzi huisagasaga, nayo huachia floridi. Kauri ya alumina inafaa.

Probu ya ukinzani: kuponi inayosoma yenyewe

Probu hii ina kipande chembamba cha metali ndani ya maji. Kikilika kinakonda, na ukinzani wake wa umeme unapanda. Kipande cha pili cha metali hiyohiyo kimefichwa ndani ili kufidia mabadiliko ya joto. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haijali maji yanapitisha umeme au la. Maji safi, mafuta, mvuke, yote ni sawa kwake.

Chagua unene kwa hesabu. Kipande cha 0.25 mm hutumika hadi nusu yake, yaani 0.125 mm. Kifaa kizuri hutofautisha sehemu moja ya elfu ya hapo, ambayo ni mikromita 0.125. Kwa ile kasi yetu ya 0.041 mm kwa mwaka, metali hupungua kama mikromita 0.11 kwa siku. Kwa hiyo hatua moja ya kifaa huchukua zaidi ya siku moja, na ili uuamini mwinamo wa grafu unahitaji wiki moja hadi siku kumi. Kinyume chake, mahali panapolika 1 mm kwa mwaka probu hiyo itakwisha kwa siku 46. Nene hudumu lakini huona taratibu, nyembamba huona upesi lakini hufa upesi. Hakuna njia ya kukwepa hilo.

Inadanganya kwa namna tatu. Joto likiyumba, kipande cha nje hupata joto kabla ya kile kilichofichwa, na grafu hupanda na kushuka kila zamu. Soma saa moja ileile kila siku, mzigo ukiwa umetulia. Pili, mashapo yanayopitisha umeme, magnetaiti (oksidi nyeusi ya chuma) ikiwa mojawapo, hujenga njia ya pembeni, ukinzani unashuka, na probu inadai metali inaongezeka. Ukiona kasi hasi, itoe uitazame. Usiifute kwenye jedwali. Tatu, kishimo kimoja kirefu kinaweza kukata kipande chembamba na kuonekana kama kutu imelipuka usiku mmoja.

Probu ya upolarishaji: ya haraka, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote

Hapa unasogeza volteji ya elektrodi kwa milivolti 10 tu, unapima mkondo unaojitokeza, na uwiano wa viwili hivyo unakupa ukinzani wa kutu. Gawa takriban milivolti 26 kwa ukinzani huo, upate mkondo wa kutu. Kwa chuma, 1 µA/cm² ni sawa na mikromita 11.6 kwa mwaka. Jibu linatoka kwa dakika. Kwenye maji ya mnara hakuna kinachoishinda: pampu ya klorini ikizidisha dozi asubuhi, kabla ya chakula cha mchana grafu imeshaonyesha.

Tatizo ni kwamba kifaa hupima ukinzani wa kutu pamoja na ukinzani wa maji yaliyo katikati ya elektrodi, na hakijui kuvitofautisha mpaka ukisaidie. Tuchukue chuma chenye ukinzani halisi wa Ω·cm² 5,000. Kasi yake ni 0.060 mm kwa mwaka. Elektrodi ziko sentimita 1 mbalimbali.

Kwenye maji ya 1,000 µS/cm, maji yanaongeza Ω·cm² 1,000. Kifaa kinaona 6,000, kinaandika 0.050. Kosa linavumilika.

Kwenye mzunguko wa pili wenye 9 µS/cm, maji yanaongeza zaidi ya 110,000. Kifaa kinaandika 0.0026 mm kwa mwaka. Chuma kinalika zaidi ya mara 20 ya hapo, na skrini ni ya kijani.

Vifaa vyenye elektrodi tatu na kipimo cha masafa ya juu cha kufidia maji hupunguza kosa hili, lakini kwenye 0.1 µS/cm maji peke yake ni Ω·cm² milioni kumi, na hapo hakuna fidia inayosaidia. Mstari ulionyooka karibu na sifuri kwenye maji safi haumaanishi usalama. Kimya kikuu kina mshindo mkuu.

Upande wa pili, ute wa vijidudu kwenye elektrodi hutoa mkondo wake usiotokana na kulika kwa chuma, na kasi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Futa elektrodi kila mwezi, andika kasi kabla na baada ya kufuta; tofauti hiyo ndiyo habari ya ute. Ama upimaji wa kelele za elektrokemia, unaosikiliza mitetemo midogo ya mkondo ili kukamata vishimo vinapoanza, unavutia sana maabara. Kwa kituo kinachotaka namba ya kuandika kwenye fomu ya zamu, usianzie huko.

Potenshali ya kutu: kipimo cha kinu kinachochemsha

Potenshali ni volteji ambayo metali hujiwekea yenyewe ndani ya maji. Njia hii haipimi kasi ya kulika. Inauliza tu: je, maji haya yanaruhusu nyufa? Kwenye kinu kinachochemsha, kwa joto la nyuzi 288, mionzi huvunja maji na kuacha oksijeni na peroksidi ya hidrojeni, na potenshali ya chuma kisichoshika kutu hukaa karibu na milivolti +100 hadi +200 dhidi ya elektrodi sanifu ya hidrojeni. Ikishushwa chini ya −230, nyufa za mipaka ya chembe katika chuma cha aina ya 304 hupungua kasi mno. Ndiyo sababu hidrojeni huingizwa kwenye maji ya kulishia. Hidrojeni ikiwa nyingi, nitrojeni-16, yenye mionzi, nyingi zaidi huhamia kwenye mvuke na mionzi kwenye jengo la tabo hupanda. Chembe za platini zikitandazwa juu ya metali, hidrojeni kidogo inatosha.

Vihisi ni vya aina tatu: fedha na kloridi ya fedha, chuma na magnetaiti ndani ya kauri ya zirkonia, na platini. Weka aina mbili tofauti mahali pamoja. Vihisi hivi hufa kwa nyufa kwenye kiungo kati ya kauri na metali, na kihisi kinachokufa hakizimi. Hutambaa polepole milivolti kwa milivolti. Viwili vya aina moja hutambaa pamoja na kukubaliana kwenye uongo. Platini ina mtego wake: ni rejea sahihi pale tu hidrojeni inapozidi molekuli mbili kwa kila molekuli moja ya oksijeni. Kinu kikiwa kwenye kemia ya kawaida bila hidrojeni, namba ya platini haina maana, na bado skrini itaionyesha bila haya.

Mahali nako kuna uzito. Kihisi kwenye bomba la kutolea maji chini ya chungu cha kinu hakiwezi kusema lolote kuhusu sehemu ya juu ya kiini, ambako uchemkaji umeshainyakua hidrojeni na kuipeleka kwenye mvuke.

Kupima unene: ukweli wa bomba lenyewe

Njia zote zilizotangulia hupima kitu kinachowakilisha bomba. Ultrasauti hupima bomba. Sauti husafiri ndani ya chuma kwa takriban mita 5,900 kwa sekunde, kwa hiyo mikrosekunde 1 ya kwenda na kurudi ni unene wa 2.95 mm. Ni silaha kuu dhidi ya kukonda kwa chuma cha kaboni kwenye mzunguko wa pili, hasa kati ya nyuzi 130 na 150, palipo na oksijeni kidogo na msukosuko wa maji: viwiko, vipunguza kipenyo, na nyuma ya vali na bamba za kupimia mtiririko.

Chora gridi kwa rangi inayostahimili joto. Mzingo ugawanywe angalau mara 12. Bomba la kipenyo cha milimita 457 linapata mraba wa milimita 120. Gridi isiishie kwenye kiwiko, bali iendelee mbele yake kwa vipenyo viwili. Ukikuta mraba umekonda kuliko jirani zake, ugawe tena upime katikati. Bomba lililopimwa 9.5 mm na miaka 3 baadaye 8.3 linapoteza 0.4 kwa mwaka. Kama kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 6.0, limebakiwa na miaka 5 na miezi 9 kwenye karatasi. Panga kupima tena kabla nusu yake haijafika.

Chunga joto. Kasi ya sauti hushuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 55. Bomba la 9.5 mm likipimwa likiwa na nyuzi 140 kwa kifaa kilichosawazishwa kwenye nyuzi 25, litasomeka kama 9.7. Milimita 0.2 zilizolika zimerudi kimiujiza. Vihisi vya kudumu vilivyofungwa juu ya bomba huondoa kosa la mkono na huona badiliko la mikromita kadhaa, lakini huona pale vilipofungwa tu.

Na hapo ndipo udhaifu mkuu wa njia hii ulipo. Mwaka 1986, katika kituo cha Surry, Marekani, kiwiko cha milimita 457 kilipasuka, watu 4 wakafa. Tarehe 9 Agosti 2004, katika kinu namba 3 cha Mihama, Japani, bomba lenye maji ya takriban nyuzi 140 lilipasuka nyuma ya bamba la kupimia mtiririko. Ukuta uliokuwa na unene wa 10 mm ulikuwa umebaki chini ya 2. Watu 5 walikufa. Kifaa cha kupimia kilikuwapo duniani miaka yote hiyo; mahali pale palikuwa pamesahaulika kwenye orodha ya ukaguzi. Kwa hiyo pesa ya mwanzo itumie kuhakiki orodha dhidi ya michoro na dhidi ya bomba lenyewe, kisha upime kromi ya kila kiwiko kwa kifaa cha eksirei cha mkononi. Chenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kromi hukonda taratibu zaidi kuliko jirani yake asiyekuwa nayo, na viwiko viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana hapo.

Mirija ya jenereta ya mvuke ina unene wa zaidi kidogo ya milimita 1, na hukaguliwa kwa mikondo ya edi (mikondo ya umeme inayoamshwa na sumaku ndani ya metali) kinu kikiwa kimezimwa. Marekani, kikomo kilichozoeleka cha kuziba mrija ni asilimia 40 ya unene ikiwa imelika.

Kemia ya maji: haionyeshi mahali, lakini huanza kusema mapema

Upitishaji umeme baada ya kuyapitisha maji kwenye rezini ya hidrojeni ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko bei yake. Rezini huondoa amonia na kugeuza chumvi kuwa asidi, hivyo hata 10 µg/kg za kloridi huinua namba kutoka 0.055 hadi karibu 0.14 µS/cm. Kondensa ikivuja, utajua ndani ya dakika. Dioksidi ya kaboni nayo huinua namba, basi kabla hujamlaumu mtu wa kondensa, chemsha au fukuza gesi kwenye sampuli upime tena.

Kipimo cha pili ni chuma kinachosafiri. Fanya hesabu: maji ya kulishia ya kilo 1,800 kwa sekunde yenye 5 µg/kg za chuma hubeba kama kilo 280 kwa mwaka hadi ndani ya jenereta za mvuke. Sampuli ya chupa moja haikamati hili, kwa kuwa chuma husafiri kwa makundi kila mzigo unapobadilika. Pitisha maji mfululizo kwa siku 1 hadi 7 kwenye chujio la mikromita 0.45 lenye karatasi za rezini nyuma yake, kisha uyeyushe vyote maabara. Bomba la sampuli liwe fupi, lisizimwe, na maji yake yakimbie karibu mita 1.8 kwa sekunde. Ukilifungua leo na kuchota leo, unapima kutu ya bomba la sampuli.

Kwenye mzunguko wa kwanza, isotopu husimulia. Kobalti-58, yenye nusu-uhai wa siku 71, hutokana na nikeli ya mirija. Kobalti-60, ya miaka 5.27, hutokana na kobalti ya aloi ngumu za vali na mabaki ndani ya vyuma. Uwiano ukigeuka, chanzo kimegeuka.

Usidharau pia dalili zisizo na jina la kifaa. Kabla ya shimo la asidi ya boriki kugunduliwa kwenye kifuniko cha chungu cha kinu cha Davis-Besse, Marekani, mwaka 2002, vichujio vya kupima mionzi hewani vilikuwa vikiziba kwa vumbi la kutu. Vilibadilishwa tu.

| Njia | Inajibu nini | Baada ya | Maji inayoyataka | Hudanganya lini |
|---|---|---|---|---|
| Kuponi | Wastani, vishimo, mashapo | Siku 30–90. Bwawa, miaka | Yoyote yanayofikika | Mtiririko wa raki usiolingana na bomba |
| Ukinzani | Kulika kwa jumla | Wiki moja au zaidi | Yoyote | Joto likiyumba, mashapo yakipitisha umeme |
| Upolarishaji | Kasi ya papo hapo | Dakika | Mamia ya µS/cm na zaidi | Maji safi, ute |
| Potenshali | Hatari ya nyufa | Dakika | Safi na ya moto | Kihisi kinapotambaa |
| Ultrasauti | Unene halisi | Mwaka hadi miaka | Haijali | Mahali pasipo kwenye orodha |
| Kemia | Dalili za mapema | Dakika hadi wiki | Yoyote | Bomba la sampuli baya |

Kwa mfumo upi, nini

Maji ya huduma na mnara: kuponi za siku 90 na probu moja ya upolarishaji. Kuponi ndizo mahakama, probu ni mbwa wa mlinzi. Vikitofautiana zaidi ya mara mbili, amini kuponi na usafishe probu.

Mzunguko uliofungwa wenye dawa: kuponi peke yake zinatosha, pamoja na kupima dawa kila wiki. Nitriti ikishuka huku nitreti ikipanda, bakteria wanaila. Kuongeza dozi ni kuwaongezea chakula.

Mzunguko wa pili: ultrasauti na kemia, basi. Probu ya ukinzani ni nyongeza nzuri kwenye tawi lenye shaka. Probu ya upolarishaji usiipeleke huko.

Kinu kinachochemsha: potenshali na kemia, na vihisi vya akiba viagizwe kabla ya vya kwanza kufungwa.

Mzunguko wa kwanza wa maji yenye shinikizo: kemia ndiyo kila kitu kinu kikiwa kinaendelea. pH kwa joto la kazi ya takriban 7.1 hadi 7.4, hidrojeni ya sentimita za ujazo 25 hadi 50 kwa kilo, kloridi, floridi na salfeti. Kinu kikizimwa, mikondo ya edi na macho: mashapo meupe ya boroni kwenye kiungo chochote yafutwe, kisha yarudiwe kutazamwa baada ya saa chache chini ya shinikizo. Yakirudi, kuna mvujo. Yakiwa na rangi ya kutu, usiyafute kabla chuma cha chini yake hakijapimwa.

Bwawa la kinu cha utafiti: raki ya diski, upitishaji umeme chini ya 1 µS/cm, pH kati ya 5 na 6.5, kloridi chini ya 0.1 mg/kg, na fagio la kunyonya vumbi chini ya maji. Hilo la mwisho ndilo linaloahirishwa zaidi, na ndilo diski zilizolala zitakalokuonyesha kwanza.